Gesine Brandhorst Kaijage, Aliyekataa Kupandishwa Ndege

Baba Padre, kaka yangu Wilbroad, Pelagia na Elia, nanyi nyote mliofika hapa Irving, Texas, kutoka Houston, Vickery Meadow na kwingineko, familia imenituma mimi Isack, mdogo wake mfiwa, niwasomee maisha ya shemeji yangu, nami nimeomba ruhusa moja, kwamba nisome yaliyothibitika, na pasipothibitika niseme hivyo, kwa sababu marehemu hakuvumilia kusifiwa kwa jambo asilolitenda.

Gesine alizaliwa tarehe 12 Machi 1951 wilayani Lüchow, kaskazini mwa Ujerumani, binti wa pili wa mkulima wa viazi, akasoma shule hukohuko, kisha mwaka 1970 akajiunga na Chuo Kikuu cha Göttingen, akahitimu kemia mwaka 1976, akaajiriwa kupima maji katika maabara mjini Hannover.

Mwaka 1977, ilipotangazwa kwamba taka za nyuklia zitazikwa wilayani kwao, aliungana na wakulima waliopinga, mwaka 1981 akawa diwani, na mwezi Juni 1986 akaingia Bunge la Jimbo la Saksonia ya Chini kwa tiketi ya wanamazingira, akatumikia hadi 1994. Wiki hii zimesambaa kwenye makundi yetu ya simu habari kwamba ndiye aliyeifungia Ujerumani mitambo ya nyuklia, na hilo si kweli, kwani mitambo hiyo ilifungwa miaka mingi baada ya yeye kuondoka bungeni, kwa kazi ya watu maelfu. Kinachothibitika ni kidogo zaidi, nacho kinamtosha: alisimamia visima vya vijiji vya kwao vikapimwa kila mwaka, na alipogundua kwamba takwimu aliyoitaja mwenyewe bungeni ilizidi ukweli, alisimama tena akaisahihisha, wapinzani wakimcheka. Iwapo hiyo ndiyo sababu ya kutorudi bungeni, sina ushahidi.

Wilbroad, aliyekuwa akisomea uhandisi Hannover, alikutana naye mwaka 1988 katika mkutano wa hadhara, alipoinuka kumuuliza swali la kumpinga. Walifunga ndoa tarehe 8 Septemba 1990, wakapokelewa nyumbani Muleba, mkoani Kagera, Julai 1991, wakajaliwa Pelagia mwaka 1992 na Elia mwaka 1995. Mwaka 1998 walihamia Houston, Wilbroad alipoajiriwa na kampuni ya mafuta, na wengi mmeuliza mwanamazingira aliishije na mhandisi wa mafuta, jibu ni kwamba walibishana kila jioni mezani, hata Pelagia husema, "Sisi tulidhani kila nyumba wanakula hivyo."

Huko Houston alijitolea miaka mingi katika mtaa wa Gulfton, akienda kwa basi, akiwafuata maofisa wa jiji kuhusu mitaro iliyoziba nyuma ya maghorofa ya wakimbizi. Mzee Gracien, aliyeishi hapo, ameniambia, "Mama ule alikuwa anaingia mu mutaro yeye mwenyewe, na mabuti, sisi wanaume tunamwangalia tu." Mitaro ile ilizibuliwa, hilo nimelihakikisha.

Mwaka 2007 aliapa kutopanda ndege tena, kwa sababu ya moshi wake, na alitimiza. Mwaka 2012 mama yetu mzazi alipofariki, hakwenda Muleba kumzika, na kwetu sisi Wahaya mke wa mtoto wa kwanza kukosekana kwenye msiba wa mama mkwe si jambo dogo, wapo ndugu ambao hawajamsamehe, nami sitasema walikosea.

Mwaka 2019 walihamia Irving, karibu na Pelagia. Februari 2025 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa Dallas, na tangu Septemba akauguzwa nyumbani na muuguzi Kerubo, hadi alipofariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, akiwa na umri wa miaka 74.

Msiba ulipotangazwa, jamaa hapa walianza papo hapo kupanga safari ya mwili, na Muleba vijana wakachimba kaburi kibanjani, yaani kwenye shamba la ukoo wanapolala wazee wetu, katikati ya migomba, bila mtu kuuliza, kwa sababu kwetu halijawahi kuwa swali. Ndipo Kerubo alipotueleza alichoambiwa na mgonjwa: "Kerubo, wasinifanye mzigo wa ndege." Wilbroad akakiri kwamba naye aliambiwa hivyohivyo. Dada yetu Leokadia, kwa simu kutoka Muleba, alileta ushahidi wake, naye si mwongo: mwaka 1991 Gesine alisimama kibanjani akamwambia mama yetu, "Mama, na mimi mtanilaza hapa." Kauli zote mbili ni zake. Nilieleza kwamba kisheria kauli ya mwisho ndiyo inayoshika, Leokadia akaniuliza, "Isack, na mama aliyekufa akiamini ile ya kwanza, sheria yako inamwambia nini?"

Aliyejibu ni Wilbroad, mrithi wa kibanja, ambaye mahali pake pembeni ya kaburi la baba panajulikana tangu tukiwa watoto. "Dada, mke wangu atazikwa huku Texas, na mimi nitalala ubavuni kwake." Leokadia akauliza, "Na mahali pako, kaka, tupafanye nini?"

"Pandeni kahawa."

Kauli hiyo anaweza kuibadilisha hadi siku yake ya mwisho, lakini namfahamu kaka yangu.

Kwa hiyo leo, tukitoka hapa, tunakwenda kumzika kaskazini mwa Dallas, kwa sanda, bila saruji, na kwa kuwa kaburi lililochimbwa haliachwi wazi, ndugu zetu Muleba wamelaza mgomba ndani ya lile la kwao na kuufukia, na Leokadia, aliyepinga kuliko wote, ndiye aliyetupa udongo wa kwanza.

Ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu. Tunawashukuru madaktari wa Dallas, muuguzi Kerubo, majirani wa Irving, wafanyakazi wenzake Pelagia, na watu wa Gulfton.

Shemeji, Mungu akupe amani, na udongo wa hapa ukupokee kwa upole, kama ule wa kwetu ulivyokungojea.