Mkono wa Kushoto wa Gauni la Dorka: Maisha ya Mama Zilpah Apondi Odera, 1953–2025

Kabla ya kusema alizaliwa lini, tuanze na lile ambalo nusu ya waliokaa chini ya mahema haya wamelisikia, ili litoke njiani. Ilisemekana kwamba Mama Zilpah alikuwa akijishonea nguo ya kuzikwa. Aprili 2023 jirani yake, Mama Risper, alikuja kuazima ungo, akapitia upande wa dirisha, akamwona amesimama mbele ya kioo ndani ya gauni refu jeupe. Mkono wa kulia wa gauni ulikuwepo. Wa kushoto haukuwepo. Kufika jioni, Lambwe yote ilikuwa na habari: "Nyar Karungu anajishonea sanda. Amebakisha mkono mmoja tu. Siku akiumaliza, anaenda."

Mama Risper yuko hapa, amekaa karibu na kwaya. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema jambo hili lisomwe, kwa sababu yeye na marehemu walikwisha kulicheka wakalimaliza. Na haikuwa uongo wote. Gauni lilikuwepo kweli, na mkono haukuwepo kweli.

Zilpah Apondi alizaliwa tarehe 3 Machi 1953, nje kidogo ya Sori, kule Karungu, ndiko lilikotoka jina Nyar Karungu, yaani binti wa Karungu, mtoto wa pili wa mzee Simeon Oloo na mama Dorka Ajwang'. Wazazi wake walifunga ndoa kanisani Jumamosi tarehe 10 Desemba 1949, na nyumba nzima ilikuwa na picha moja tu, ya siku hiyo. Simeon amevaa koti lililomzidi mabega. Dorka amemzidi Simeon kichwa kizima, gauni lake jeupe linafika chini, mkono wa kulia umeshika kitabu cha nyimbo. Wa kushoto hauonekani, umepotelea nyuma ya mgongo wa bwana arusi. Kando yao kasichana ka miaka saba hivi kameshika pindo la gauni, uso kameukunja kama anayetaka kulia.

Dorka aliaga mwaka 1961, Zilpah akiwa na miaka minane. Gauni lenyewe lilikuwa limekatwa zamani likawa nepi za watoto. Kwa hiyo mtoto alibaki na picha. Akimuuliza baba yake habari za gauni lile, mzee Simeon alikuwa anacheka peke yake, halafu anamtuma kuni.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Sori, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1967 na akapita. Karo ilitosha mtoto mmoja, na mmoja huyo akawa kaka yake. Zilpah hakulalamika, au kama alilalamika hakuna aliyebaki wa kutuambia. Mwaka 1969 alipelekwa Asumbi kwa masista kujifunza ushonaji, akakaa miaka miwili. Alirudi na cheti na tabia moja iliyowasumbua watu wengi baadaye: kufumua. Mshono ukipinda nusu ya punje ya mchele, alifumua wote. Mteja akisema, "Mama, hiyo nani ataiona?" alijibu, "Wewe umeshaiona."

Tarehe 19 Agosti 1972 aliolewa na Maurice Odera, karani wa kiwanda cha pamba, akaletwa katika boma hili. Wakajaliwa watoto watatu: Millicent, Omondi na Levis. Mzee Maurice alikuwa mtu wa maneno machache. Mwaka 1974 alimnunulia mkewe cherehani ya kukanyaga, akaibeba kwa baiskeli kutoka Homa Bay hadi hapa, akaishusha mlangoni na kusema, "Hiyo hapo." Mama Zilpah alipenda kusema hiyo ndiyo barua pekee ya mapenzi aliyowahi kupata. Mzee alimtangulia mwaka 2006.

Kwa miaka mingi alishona sokoni Homa Bay: sare za shule, nguo za kwaya, suruali za kutiwa viraka. Kazi iliyomfanya ajulikane ilikuja akiwa na miaka hamsini na sita, na ilianza kwa aibu.

Mwaka 2009 parokia ilifanya jubilii, vijana wakaigiza maisha ya Wakristo wa kwanza. Mama Zilpah akapewa kazi ya nguo. Kimoja kati ya vitu alivyotengeneza kilikuwa chieno, ule mkia wa nyuzi ambao wanawake Wajaluo wa zamani waliuvaa nyuma kiunoni. Alitafuta katani mwenyewe, akaisokota pajani, akaipaka mafuta mpaka ikakaa vizuri kuliko ya zamani. Kisha akamfunga binti wa kidato cha pili, kwa sababu ndiye aliyejua kucheza. Binti alipotokea jukwaani, akina nyanya wa safu ya mbele walisimama wote kama walioitwa. Mmoja alivua leso yake, akapanda jukwaani na kumfunika mtoto.

"Min Omondi!" akaita, yaani mama Omondi. "Umemwoza mtoto wa watu mbele ya padri, na mahari hatujaona?"

Chieno ni vazi la mke wa mtu. Msichana havai. Kanisa lilicheka, lakini Mama Zilpah hakucheka. Jumatatu alibeba kuku akaenda kwa nyanya wa yule binti kuomba msamaha, akakaa kule mpaka saa tisa akiuliza nani alivaa nini, na kwa nini. Aliporudi alimwambia bintiye Millicent, "Nilipima nyuzi vizuri, mtu sikumuuliza." Tangu siku hiyo sheria yake ikawa moja: hakuna kukisia. Kama hujui, uliza. Kama hakuna wa kumuuliza, acha wazi.

Ndivyo alivyoanza kuzunguka, kutoka Mbita mpaka Muhuru, na daftari, futi ya kushonea na miwani ya kuning'inia shingoni. Aliingia kwa watu akaomba kuona picha za zamani na nguo zilizolala ndani ya masanduku ya bati. Aliandika kanzu za makatekista zilikuwa na vifungo vingapi, kitambaa cha merikani kilifuliwa mara ngapi kabla ya kukatwa, koti la askari wa vita vya kwanza lilikuwa na mifuko upande gani. Ameacha madaftari kumi na moja. Shule zikitaka nguo za maigizo ya zamani zilikuja kwake, na makanisa, na hata watu wa filamu kutoka Kisumu. Mwalimu mmoja aliomba gauni la mwaka 1925 liwekwe zipu ili wasichana wabadilishe haraka. Akamwambia, "Mwalimu, zipu mwaka huo ilikuwa bado iko njiani inakuja. Wape wasichana muda."

Mwaka 2012 alianza kushona la mama yake. Alihesabu mikunjo ya shingo kwa kioo cha kukuza, akapata kumi na minne. Vifungo saba. Mkono wa kulia mpana juu, umebana kwenye kiganja. Alipofika mkono wa kushoto akaacha sindano.

Watu wakamwambia, "Lakini mikono ya gauni hufanana!"

"Ya kwako," akajibu. "Ya mama, wa kushoto sijauona."

Gauni likaning'inia kwenye msumari chumbani kwake, mwaka baada ya mwaka, mkono mmoja.

Alianza kuugua sukari mwaka 2016, na kufika 2022 ilikuwa imeingia machoni. Mwaka huo ndio mjukuu wake Clifford, mtoto wa marehemu Omondi, alipomleta Lynnet katika boma hili, akiwa na mimba ya Liz. Wazee walitembeleana, chai ikanywewa, lakini kanisani hawakuwa wamefika, na Lynnet aliingia akitazama chini kama anayeingia kwa watu akiwa amechelewa. Mama Zilpah hakumuuliza cheti cha ndoa. Alimuuliza, "Macho yako yanaona tundu la sindano?" Basi kila asubuhi kabla ya kwenda shamba, Lynnet alitunga uzi kwenye sindano kumi, akazichomeka kwenye mto mdogo, na kila jioni akazikuta ziko tupu. Aliona pia kwamba Dani, yaani nyanya, kama alivyomwita, alikuwa ameacha kutazama kitambaa. Alikiweka shavuni.

Uvumi ulipotoka, Millicent alikuja mbio. "Mama, hiyo gauni ama uimalize ama tuichome. Watu wanasema unaita kifo."

"Nikiimaliza kwa kukisia nitakuwa nimeshona uongo. Na nikiichoma nitakuwa nimemchoma mama."

Clifford alilificha gauni sandukuni, akidhani macho ya nyanya yake hayataona msumari mtupu. Asubuhi hiyohiyo ikasikika sauti, "Nani amemhamisha mama yangu?" Likarudishwa. Lakini daktari alikuwa amesema macho hayatafika mwaka mwingine, na Lynnet alijua Dani anachoogopa. Kifo hakikuwa kitu kwake. Aliogopa giza limkute kabla hajajua.

Januari mwaka huu alipelekwa Sori kuwaona ndugu zake, na picha ndani ya mkoba kama kawaida. Pale sokoni alimwonyesha mfanyabiashara aliyekuja kununua dagaa wa omena kutoka upande wa mpakani, jina lake Ryoba. Ryoba aliishika, akaigeuza, akairudisha mbele ya uso.

"Mama, umeitoa wapi? Hii picha iko kwa ukuta wa mama yangu."

Kasichana kale kalikuwa bado kako hai. Ni Mama Nyasuguta, aliyemzaa Ryoba, mwenye miaka themanini na miwili, karibu na Kehancha. Baba yake, mzee Nchagwa, alichimba madini Macalder, akawa rafiki wa Simeon, na lile koti kubwa lilikuwa lake. Tarehe 8 Februari Clifford alimpeleka Mama Zilpah kwake pamoja na Lynnet, Liz akiwa mgongoni. Mama Zilpah aliketi, akanywa uji, akauliza bila kuzunguka, "Gauni la mama yangu. Mkono wa kushoto ulikuwaje?"

Mama Nyasuguta alicheka mpaka akashika mbavu. "Miaka sabini na tano nangoja mtu aniulize huo mkono!"

Akaeleza. Simeon alienda dukani mwenyewe kununua kitambaa, maana alitaka kuonekana mwanamume. Akakipima kwa kimo chake yeye, akamsahau bibi arusi alivyo mrefu. Fundi alipofika mkono wa kushoto, merikani ikaisha. Ilikuwa Ijumaa, kesho yake arusi. Shangazi mmoja akachana mfuko wa unga wa ngano, ule wa kitambaa, akaufua kwa majivu ili ushonwe mkono, lakini herufi za bluu zikakataa kutoka.

"Sasa mpiga picha akasema simameni wima. Dorka akaupeleka mkono nyuma ya Simeon, hivi. Na mimi nikaambiwa, wewe mtoto, shika pindo na usicheke. Angalia mdomo wangu hapo. Mnasema nalia? Nalia nini! Nazuia kicheko."

Mama Zilpah hakuona tena picha vizuri, lakini aliiinamia, akapitisha kidole kwenye uso wa yule mtoto. Akacheka. Wakati wa kuondoka, Mama Nyasuguta aliondoa kitambaa kilichofunika mtungi wake wa maji. Kilikuwa mfuko wa unga wa siku zile, herufi za bluu bado zinasomeka, umelainika kama sikio. Akamfungia.

Wengine tulidhani sasa ataushona mkono siku hiyohiyo. Hakufanya hivyo. Aliukata kwa kupapasa, akapima mara tatu, akauweka ukakaa. Lynnet alipomuuliza, alisema, "Mama alijificha siku yake yote. Mimi ni nani nimtoe nje?" Mwezi Machi, mwezi Aprili, kipande kilikaa juu ya cherehani, na sindano kumi za asubuhi zikabaki na uzi wake.

Julai figo zilishindwa. Alilazwa Homa Bay tarehe 21 Julai, akaaga Alhamisi tarehe 14 Agosti 2025, saa nne asubuhi, Millicent akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka sabini na miwili. Leo amelala katika gauni lake la bluu la akina mama wa kanisa, kama wote mlivyoona. Lile jeupe liko ndani kwenye msumari wake, na mkono wa kushoto haujashonwa hata sasa. Mama Risper ameligusa asubuhi hii kwa mkono wake mwenyewe.

Ameacha watoto wawili, Millicent na Levis. Ameacha wajukuu sita, mkubwa wao Clifford. Mke wa mjukuu, Lynnet, aliyeandika maneno haya. Kitukuu mmoja, Liz. Kaka yake mkubwa kule Sori. Rafiki mmoja aliyempata amechelewa, Mama Nyasuguta, ambaye ametoka Kehancha tangu alfajiri. Na madaftari kumi na moja ambayo hayana ukurasa wa kukisia. Mungu amlaze pazuri, Nyar Karungu, mahali ambapo hakuna kinachohitaji kufumuliwa.

Limebaki jambo moja. Jumamosi tarehe 9 Agosti, Lynnet alimpelekea uji wodini. Dani alikuwa na nguvu siku hiyo. Alimwita karibu, akapima bega lake kwa shibiri, taratibu, kisha mkono, mpaka kwenye kiganja.

"Wewe ni mrefu kama mama," akasema. "Nilikuwa nafikiri juu ya ile gauni. Mama aliona haya kwa sababu alidhani alichopungukiwa ni chake peke yake. Wewe nawe uliingia kwangu ukitazama chini, nikakuona."

Lynnet akaweka bakuli la uji chini.

"Ushone ule mkono. Sindano yako mwenyewe, na herufi ziwe nje. Mkienda kanisani na Clifford, uivae. Na mpiga picha akisema simameni wima, nyathina, mtoto wangu, nakuomba, mkono wa kushoto uuweke mbele."