Majalada ya Ghala na Soko

Kijiwe cha Sikudhani kiko Makambako, jirani na njia panda, mbele ya uwanja wanakolaza malori. Ni benchi moja la mbao, birika juu ya jiko la mkaa, na sinia la kashata zilizofungwa kwa vipande vya karatasi. Asubuhi hiyo ya baridi Rebeka alifika kutoka Njombe, akaketi ukingoni, begi magotini. Hukusanya majarida ya zamani ya biashara. Chumbani kwake yamejaa hadi uvunguni mwa kitanda. Ila toleo moja la Ghala na Soko, la mwaka 1998, hakuwahi kulitia machoni. Lilitoa picha ya wachana mbao wa kijiji cha Kichiwa, na mmoja wao alikuwa marehemu baba yake, Amos. Nyumba yao iliungua zamani; picha nyingine haikubaki. Jana Ussi, mwenye gesti jirani na kijiwe, alimpigia simu: analo.

— Kamwene, binti, alimsalimu kwa Kibena Methodi, dereva mstaafu wanayemwita Honi.

— Kamwene, baba. Shikamoo.

— Marahaba. Ussi anakuja, anayapiga pasi majarida yako.

— Pasi?

— Yasikunjamane. Ila tuambie, magazeti ya bei za mahindi ya enzi hizo ya nini?

Kabla hajajibu, Abdulaziz, dalali wa mahindi aitwaye Profesa, alidakia.

— Honi, hujui kitu. Mle kuna makampuni yaliyokufa. Ukiwa na gazeti, hisa zako zinafufuka.

— Wapi! alisema Honi. Kuna ramani za madini. Zilifichwa kwenye matangazo ya mbolea.

— Basi huyu ni mtu wa kodi. Anawasaka waliojisifu utajiri mwaka ule, walipe leo.

— Wewe lala usingizi, hujawahi kuwa na cha kujisifia.

Sikudhani alicheka, akampa Rebeka kahawa na kashata.

— Kunywa, mwanangu. Hawa wakianza hawana breki.

Rebeka aliishika kashata bila kuifungua.

Ussi akaja na mfuko wa nailoni, uso umemng'aa. Majalada yalikuwa yamenyooka kama mapya. Rebeka alilitoa la 1998. Lilikuwa jepesi mno. Alilifungua, ndani hamkuwa na kitu.

— Kaka Ussi, ndani yake?

— Ndani kulikuwa na maandishi tu, dada. Wakusanyaji si mnataka jalada? Nimekata kwa wembe, halina hata kovu. Ya ndani nikampa Sikudhani.

Benchi zima likatazama kashata mikononi. Profesa alinyoosha karatasi yake: nusu ya tangazo la mbolea. Honi alipangusa mafuta kwenye yake: bei za pamba. Rebeka alifungua ya kwake taratibu: nauli za mizigo.

— Fungueni zote! alisema Sikudhani, akipindua sinia.

Kashata zikabaki uchi. Hapakuwa na mbao, wala watu.

— Na nyingine?

— Nimeuza tangu jana jioni, mwanangu. Kwa madereva.

— Walikuwa wanaelekea wapi?

Sikudhani akageukia njia panda. Lori moja lilikuwa linakata kona kwenda Songea.

Kisha Honi akainuka, akaenda kuuliza kwenye malori yaliyoelekea Mbeya. Profesa akashika ya Iringa. Rebeka alikuwa ameshapanda ngazi ya lori la karibu, anagonga kioo. Ussi alibaki benchini, ameyakalia majalada yake yasipeperushwe na upepo.