Naila Mrisho, Aliyesimamishwa Mbele ya Utepe

Marehemu Naila binti Mrisho Shuaibu anazikwa leo, Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, hapa Miono alikozaliwa. Wasifu wake umeandikwa na unasomwa na Sharifu Haji, mtoto wa mjomba wake. Binamu ni mtani, na mtani hapangiwi maneno msibani, kwa hiyo wazee wamwie radhi mapema. Kamati ya mashindano ya baiskeli imeiomba familia izuie jeneza hadi alasiri, mgeni rasmi awahi kufika kutoka Dar es Salaam. Mama mzazi amekwisha kutoa jibu, nalo litasomwa mwishoni.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1996, mtoto wa pili kati ya wanne wa Mzee Mrisho Shuaibu, mkulima wa nanasi na ufuta, na Bi. Saida. Baiskeli ya baba aliiendesha kabla hajalifikia tandiko, mguu mmoja kaupitisha katikati ya fremu. Siku moja bibi yake alishikwa na homa, gari hakuna, Naila akampakia kwenye keria mpaka kituo cha afya cha Mandera. Bibi alitoa shahada njia nzima. Walipofika, mganga akamuuliza anaumwa nini. "Homa imekimbia njiani," bibi akasema. "Mtibuni huyu mjukuu, kichwa chake si kizima."

Shule ya msingi aliisoma hapa kijijini, akamaliza mwaka 2009, kisha sekondari Lugoba hadi 2013. Alipanga chumba huko, na kila Ijumaa alirudi nyumbani kwa baiskeli. Wako akina mama wa kijiji hiki waliosema kwamba binti wa tandikoni hataolewa, na wakamsema hivyo mbele ya mama yake. Leo wamekaa jamvini wanalia kumshinda aliyemzaa. Kinyaa kitupu.

Mwaka 2015 alihamia Bagamoyo mjini, akawa msaidizi katika karakana ya baiskeli. Kocha Masoud, aliyekuwa na timu ndogo ya wasichana, alimwona akiijaribu baiskeli ya mteja akamwambia, "Binti, wewe si wa kurekebisha tu." Naila akajiunga na timu. Alishindana kavaa suruali ndefu na ushungi chini ya kofia ngumu, na aliyekuwa na neno alilisema nyuma yake, maana mbele yake hakuweza kufika.

Septemba 2019 yalifanyika mashindano ya wanawake ya siku tano, yenye wachezaji wa kulipwa kutoka nje. Muda wa siku zote hujumlishwa, mwenye muda mdogo ndiye bingwa. Wakala wa timu moja ya Ulaya alikuwapo, na alisema wazi kwamba atamchukua bingwa. Siku ya mwisho, kutoka Lugoba kupitia Msata hadi Bagamoyo, Naila alikuwa wa pili, nyuma ya kiongozi kwa dakika moja. Kwenye vilima vya Kiwangwa alilitoroka kundi. Alipoingia Bagamoyo alikuwa peke yake, na kundi, pamoja na kiongozi, lilikuwa nyuma kwa dakika nne nzima.

Utepe ulikuwa umefungwa barabarani. Mbele yake alisimama mwenyekiti wa kamati, mikono kaitanua.

"Simama, binti! Mgeni rasmi hajafika. Bado yuko Bunju."

"Shikamoo mzee, naomba njia. Saa inahesabu!"

"Marahaba. Saa itasubiri. Utepe huu haukatwi mpaka mgeni aje."

Kocha Masoud alikuja mbio akapiga magoti, mtu mzima yule, kwenye lami ya moto. Wapi. Naila akasimama, mguu mmoja chini, jasho linamtiririka, na kundi zima likamkuta hapohapo. Mgeni rasmi akaja, akashushwa, akavishwa skafu, akahutubia juu ya kumwezesha mwanamke. Ndipo wote wakaambiwa waanze pamoja mita zile zilizobaki, na wakaandikiwa muda mmoja. Naila akabaki wa pili. Bingwa, binti wa nchi jirani, aliona haya kupanda jukwaani, akabembelezwa. Wakala akaondoka na bingwa wake kama alivyosema. Ukila chumvi nyingi utaona mengi, lakini ujinga wa namna hiyo haujawahi kuonekana pwani hii, na walioufanya walipiga makofi.

Baada ya hapo marehemu alidai kitu kimoja tu, kwamba mwenyekiti atamke hadharani nani alishinda siku ile. Miaka karibu sita alikwenda ofisini kwao akaambiwa aje kesho. Wakati huohuo alifungua karakana yake Bagamoyo, akawafundisha wasichana kuendesha na kutengeneza.

Tarehe 6 Machi 2021 aliolewa na Muzammil Abdulrazak, seremala wa Mji Mkongwe wa Bagamoyo, aliyemposa baada ya kumletea baiskeli ile ile mbovu mara tatu. Muzammil alikuwa akiiharibu mwenyewe apate safari ya karakana. Walijaliwa binti mmoja, Zaina.

Mwishoni mwa mwaka 2023 marehemu alianza kuvimba miguu, ikabainika ni figo. Alitibiwa Dar es Salaam, na mumewe hakumwacha hata siku moja. Mwezi Mei mwaka huu kamati walikwenda wodini na mpiga picha. Marehemu aliwauliza, "Mmekuja kusema lile neno?" Wakamwekea bango kitandani, wakapiga picha, wakaondoka. Alifariki dunia jana Jumanne alfajiri.

Na leo wamekuja, wale pale, kila mmoja na fulana yenye sura ya marehemu. Kifuani wameandika: BINGWA WA 2019. Neno walilomnyima akiwa anapumua wameliwahisha kwa mchapaji kabla maiti haijaoshwa! Wanasema tukisubiri hadi alasiri, mgeni rasmi atalitangaza kaburini mbele ya kamera. Kwa hakika wapo ndugu waliotaka tusubiri, kwa kuwa hilo ndilo alilolililia. Wakaenda kumuuliza mama.

Marehemu ameacha mume, binti wa miaka mitatu, wazazi wote wawili, kaka mmoja, Husseni, wadogo wawili, Samia na Zuhura, na wasichana wa karakana yake, ambao wamekuja kutoka Bagamoyo kwa baiskeli.

Jibu la Bi. Saida ni hili, kama alivyolisema: "Mwanangu alilitaka neno hilo akiwa na masikio. Sasa wanataka kumwambia nani? Mimi? Mimi nilijua siku ileile. Huyo mgeni akifika mpeni wali ale, mgeni hafukuzwi. Lakini Naila hasubiri mtu. Mchukueni."

Sala ni adhuhuri. Wanaume wasimame, jeneza linatoka. Mola amlaze pema, apumzike Naila.