Fundi Bomba na Mguu Mzima wa Dada Yake

Leo, tarehe 30 Juni, daktari wetu wa upasuaji wa mishipa anastaafu baada ya miaka ishirini na saba kazini. Kwao aliondoka miaka thelathini na miwili iliyopita. Hesabu hiyo naijua kwa sababu tulivuka mpaka pamoja: yeye, dada yake mkubwa aliyemlea, na mimi, mtoa dawa ya usingizi kwenye upasuaji wake.

Wagonjwa ndio waliomwita Fundi Bomba, naye hakununa. Siku sinki ya wodini ilipoziba, muuguzi mkuu alituma aitwe. Alikuja, akainama, akaitazama kwa makini. "Hii haina mshipa wa kuazima," akasema. "Tafuteni fundi wa kweli."

Njia ya damu ikiziba mguuni, yeye alitengeneza nyingine ya kando, na kuchagua kitu cha kuitengenezea ndiko kulikomnyima usingizi. Alipenda mshipa wa mgonjwa mwenyewe, uliotolewa mguuni, ukasuuzwa na kugeuzwa juu chini ili vilango vyake visizuie damu. Bomba la plastiki hutoka kwenye boksi likiwa tayari, na pajani hufanya kazi vizuri. Chini ya goti huziba mapema.

Kisha akaugua dada. Njia ya damu iliziba chini ya goti la kushoto, vidole vikaanza kuwa vyeusi, na mshipa wa kufaa ulibaki mguu wa kulia tu. Daktari mwenzake Fundi Bomba ndiye angepasua, lakini ushauri ulikuwa wa Fundi mwenyewe. Alimbembeleza kutwa nzima pale kitandani.

"Huu usiuguse, mdogo wangu. Nitarudi nao nyumbani kwetu."

"Dada, plastiki haitadumu."

"Ufundi ni wako. Mguu ni wangu."

Ikawekwa plastiki. Dada alitembea tena, akafika hadi wodini kutuletea machungwa na kututania kwamba tumekonda. Mwaka wa pili bomba likaziba, mguu wa kushoto ukakatwa. Hatukumsikia dada akilaumu, wala mdogo wake akisema nilikuambia. Jioni alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu, wakipanga nyumba waliyokuwa wakiijenga kwao: milango mipana, ngazi hakuna.

Tangu hapo, mgonjwa akikataa ushauri wake, daktari alivuta kiti akakaa, akamsikiliza mpaka mwisho. Hilo wanafunzi wake wamelichukua, na ni zuri kuliko mishono yote aliyowafundisha.

Dada alifariki mwaka jana. Tulimzika huku, na mguu wake wa kulia ukiwa mzima.

Tunamshukuru Fundi Bomba kwa kila anayekuja kliniki kwa miguu yake. Tunamwombea asubuhi zisizo na haraka, chai inayonyweka ikiwa bado moto, na sisi wa kumpigia hodi.

Nyumba ya kule imekwisha, ina milango mipana. Amempa mpwa wake. Yeye hatarudi.