Goli la Sabini na Tisa

Benchi lenyewe liko nje ya duka la donati la Bi Sokha, pale Barabara ya Nne inapokatana na reli, na Ijumaa ile lilikuwa limeshajaa tangu saa moja asubuhi. Wazee watatu, vikombe vitatu vya kahawa, na boksi la donati ambalo madaktari wao wote walishalipiga marufuku. Duane Hatfield, aliyetunza bwawa la kuogelea la Almarita miaka thelathini mpaka nyusi zikapauka, aliitwa Klorini. Ray Escobedo aliitwa Kipenga kwa kuwa aliwahi kuwa refa, ingawa kipenga chenyewe hakukigusa tena tangu mwaka 1979. Na Gil Tamayo, kipa wa Corwin mwaka huohuo, aliitwa Kofia Nyekundu, maana kwenye mchezo wa polo ya maji, kofia nyekundu ni ya kipa. Gil ndiye aliyekuwa na karatasi mfukoni, na karatasi hiyo ilimnyima usingizi wiki nzima.

Ilitoka kwa kamati ya bwawa jipya. Shule za Almarita na Corwin zimetenganishwa na reli tu, na zimekutana majini mara hamsini na moja. Almarita kashinda ishirini na tano, Corwin kashinda ishirini na tano. Imebaki mechi moja, ya mwaka 1979. Kitabu cha Almarita kinasema nane kwa saba, cha Corwin kinasema sare ya saba. Fundi wa kuchora ubao wa historia ukutani angefika saa sita mchana, na kamati ikaona wazee wa benchi ndio wenye habari. Waandike tu kwenye mstari mmoja, basi.

Gil akaikunjua karatasi kwenye goti.

– Tumalize leo, jamani. Lilikuwa goli au halikuwa?

– Lilikuwa, akasema Klorini kabla hajameza. Nane saba. Mnasumbuka bure.

– Wewe si umesoma Almarita.

– Nimesoma Almarita, sikusomea upofu.

Ray alikuwa anachezea kifuniko cha kikombe, na Gil alimwona. Habari ya mechi ile kila mtu mjini anaijua: zimebaki sekunde tatu, saba kwa saba, kijana wa Almarita aitwaye Pruitt akafyatua mpira kutoka kushoto. Gil alikuwa upande wa maji mafupi. Bwawa lile la zamani lilikuwa na upande ambao mtu anaweza kusimama, na sheria inamruhusu kipa peke yake kukanyaga chini, kwa hiyo alisimama, maji kifuani, mvuke umefunika kila kitu. Mpira ukapita kichwani. Gil akapeleka mkono nyuma, akautoa; kama ulishavuka mstari au bado, ndio ubishi wenyewe. Ray, refa wa siku ile, akapunga mkono: hakuna goli. Kocha wa Almarita akajitosa majini na viatu vyake.

Baada ya hapo watu wa Almarita walimwandama Ray mpaka akaacha urefa, akaenda kuuza matairi. Miaka kumi na miwili hakumsalimia Gil hata barabarani. Siku Ray alipomzika mkewe, Gil alikwenda kwake na boksi la donati, akakaa naye kutwa bila kuuliza neno. Wakazoea kukaa pamoja, na benchi likaanzia hapo. Sasa Gil aandike nini? Akiandika nane kwa saba, rafiki yake atatundikwa ukutani kama refa aliyedhulumu. Akiandika sare, na kama si kweli, basi mwongo ni yeye.

– Shida ilikuwa mvuke, akaendelea Klorini. Mvuke ule niliutengeneza mimi. Nilipandisha joto la maji, wachezaji wetu walikuwa wanalalamika baridi.

– Kumbe ni wewe, akasema Ray.

– Ni mimi. Lakini mvuke haukuzuia mpira. Mpira ulizuiwa na neti. Watu wa Corwin waliikaza na uzi wa kuvulia samaki, ukiingia unarudi.

– Neti ilikuwa yenu, akasema Gil. Mechi ilikuwa kwenu.

Klorini akatafuna kidogo, akitafuta njia nyingine, akaipata. Akasema tetemeko la mwaka sabini na moja lilisogeza ukuta wa kusini, bwawa likafupika kwa shubiri nzima, kwa hiyo mstari wa goli ulikuwa nje ya goli.

– Mstari hauwezi kuwa nje ya goli lake, bwana, akasema Ray.

– Kaliulize tetemeko.

– Basi mechi zote zilizochezwa mle ni batili, akasema Gil.

– Batili kabisa. Futa zote.

Bi Sokha akatoka na birika, akawaongezea kahawa, akarudi ndani bila kuuliza. Alishaisikia mechi ile mara nyingi kuliko waliokuwapo bwawani.

– Nawapa siri, Klorini akasema, akiinama mbele. Mipira ilikuwa miwili. Kuna mmoja wa mazoezi ulisahaulika majini. Mmoja uliingia, mmoja haukuingia. Vitabu vyote viwili vinasema kweli.

Gil alitaka kucheka, lakini kicheko hakikuja. Mpira wa pili alikuwa anauona. Aliuona unaelea karibu na ngazi, wa manjano, umelowa. Akajiuliza kama ndivyo ilivyokuwa siku zote au ndiyo kwanza ameupata sasa hivi. Na ukuta je? Mbona mgongo wake ulikuwa unaukumbuka ukuta karibu mno? Akaweka kikombe chini.

Pembeni alikuwa amesimama mama mmoja mwenye maboksi mawili ya donati mkononi. Jina lake Anahit Terzian. Alihamia upande wa Corwin mwezi wa nane, mjukuu wake anacheza timu ya wasichana, na alikuwa amesimama pale muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

– Samahanini, wazee wangu. Aliyekuwa karibu na mpira kuliko wote ni nani?

Klorini na Ray wakamwonyesha Gil.

– Na miaka yote hii hamjamuuliza?

Yule mama akamgeukia Gil, kwa upole, kama mtu anayeulizia njia.

– Wewe baba, uliingia?

Gil akafungua kinywa. Jibu alikuwa nalo, maana hakuna siku ambayo hakuwa nalo. Akalitafuta, akakuta mvuke wa Klorini. Akakuta neti iliyokazwa, ukuta uliosogea, mpira wa manjano kwenye ngazi. Akautafuta mkono wake mwenyewe, akauona kwa mbali, kutoka jukwaani, kama walivyouona wao.

– Sijui, akasema.

– Hujui vipi? akauliza Klorini. Mpira si ulikuwa mkononi mwako?

– Mpira ulikuwa mkononi. Mkono ulikuwa wapi, sijui. Zamani nilikuwa najua, Duane. Nina hakika kuna siku nilikuwa najua.

Ikamuuma. Alikuwa na kitu kimoja duniani ambacho ni chake peke yake, na amekaa hapa na kahawa akakiacha kichukuliwe kidogo kidogo.

Ray akakohoa.

– Mimi sikuona kitu, akasema. Mvuke mtupu. Watu elfu moja walikuwa wananipigia kelele, nikapunga mkono wanyamaze.

– Mbona hukuniambia?

– Niliogopa ungesema uliingia.

– Kwa ajili yako ningesema haukuingia.

– Hilo ndilo nililoliogopa zaidi, Gil.

Wakatazamana, kisha kila mmoja akatazama reli. Klorini akasema kama wao hawajui, yeye anajua, waandike nane kwa saba, atatia sahihi hata kwa damu.

– Na wewe baba ulikuwa wapi? akauliza Bi Anahit.

Klorini akasema alikuwa kazini. Kazini wapi? Chumba cha pampu. Na chumba cha pampu kiko wapi?

– Chini ya bwawa, akasema Klorini, lakini kule chini unasikia kila kitu.

Gil akachukua kalamu. Kwenye mstari akaandika: Haijulikani. Akatia sahihi yake, na mbele yake akaandika "kipa". Kisha akanyoosha mkono ili airudishe kalamu mfukoni, ila Ray akaidaka. Akaivuta karatasi kwenye goti lake, akaandika chini yake polepole kwa herufi kubwa: REFA HAKUONA. Halafu jina lake lote, Raymundo Escobedo, bila kufupisha.

– Wataisoma watu wote, Gil akamwambia. Itakaa ukutani.

– Najua.

Ilikuwa bado saa tatu, fundi angekuja saa sita, na ofisi ya kamati ni mwendo wa dakika kumi. Ray akasimama, akapangusa sukari kwenye suruali, akaanza kutembea kuelekea ofisini, karatasi iko mkononi mwake.