Sahani ya Krismasi: Maisha ya Mzee Josphat Ndolo Kimeu, 1953–2025

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani na ndugu zetu mliotoka mbali na karibu, huyu tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 27 Septemba 2025, ni baba yetu, Mzee Josphat Ndolo Kimeu. Mimi ninayesoma ni Winfred Ngina, binti yake wa kwanza. Baba mwenyewe alisema nisome mimi, na alinipa sababu. Mtaisikia ikifika mahali pake.

Mzee Ndolo alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 huko Ndithini, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Kimeu na marehemu Mama Nzembi, wakulima wa mahindi, kunde na mbaazi. Tarehe hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye cheti chake cha ubatizo. Nyanya alikuwa na kumbukumbu yake tofauti: kwamba Ndolo alizaliwa siku mbuzi wa jirani walipoingia shambani wakamaliza kunde zote, na watu walikuwa wakigombana nje wakati yeye analia ndani.

Alisoma shule ya msingi huko huko Ndithini kuanzia mwaka 1961 na akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1967. Hakuendelea na sekondari. Alikuwa akichelewa shuleni karibu kila siku, na mwalimu wake, badala ya kumchapa, alimpa adhabu ya kuchochea moto wa sufuria ya walimu. Baba alituambia kwamba baada ya wiki mbili alianza kuchelewa makusudi.

Mwaka 1976 aliajiriwa jikoni katika shule moja ya bweni ya wavulana karibu na Tala. Alianza kwa kupasua kuni, akamaliza akiwa mpishi mkuu, na alistaafu Desemba 2013. Kwa miaka thelathini na saba hakuna sufuria iliyopakuliwa kabla yeye hajaonja. Baadhi yenu mliokaa hapa mlikuwa kwenye ile foleni ya Juni 1991, wavulana walipokataa maharagwe wakisema yana wadudu. Mwalimu mkuu alimwita Mzee Ndolo ale mbele ya shule nzima, akitarajia mpishi atatetea sufuria yake. Baba alisimama, akala vijiko viwili polepole, kisha akairudisha sahani mezani.

"Mwalimu, hii hata mimi siwezi," akasema.

Magunia yale yaliondolewa siku hiyo hiyo na wavulana wakambeba juu juu hadi bwenini. Tangu hapo ikajulikana Tala nzima kwamba Ndolo akirudisha sahani, chakula ni kibaya, na hakuna haja ya kuuliza zaidi. Tafadhali likumbukeni hilo.

Mwaka 1979, baada ya mbuzi watatu wa ntheo, ile posa ya Kikamba, kupelekwa kwa wakwe, alimwoa mama yetu, Ruth Kalondu, wakabarikiwa na watoto watatu: Winfred, Muema na Kyalo. Mama hakumruhusu kushika mwiko nyumbani hata siku moja. "Wewe umezoea kupikia watu mia nne," alikuwa akimwambia, "chumvi yako ni ya koleo. Kaa hapo ungoje." Naye alikaa, akangoja, akala na kusifu. Mama alitutoka Februari 2017. Kuanzia siku hiyo aliyempikia Baba ni Kasiva, mke wa Muema, ambaye nyumba yake iko hapa hapa bomani. Alimpikia asubuhi na jioni kwa miaka saba bila kuombwa. Kati ya mkwe na mkaza mwana kuna staha tunayoiita nthoni, kwa hiyo Kasiva aliweka chakula mezani, akakaribisha, akatoka nje. Hakumtazama Baba akila, wala Baba hakumweleza habari za mwili wake.

Sasa nafika mahali pa ile sababu.

Agosti 2024, wiki ambayo shule zilifungwa, Kasiva aligundua kwamba jagi la maji analomwekea Baba linarudi tupu na sahani inarudi nusu. Alimwambia Muema. Muema akasema ni uzee. Mwezi wa kumi Kasiva alinipigia simu mimi huko Syokimau ninakoishi, akasema, "Dada, Baba anakunywa maji kila kijiko, kama mtu anasukuma chakula." Nilikuwa kazini. Nilimwambia apunguze kukausha mboga.

Siku ya Krismasi tulikuwa zaidi ya watu arobaini hapa, na wengi wenu mlikuwepo. Kasiva aliamka mapema kupika muthokoi, mahindi yale aliyoyakoboa mwenyewe kwa kinu, pamoja na maharagwe na nyama pembeni, kwa sababu Baba aliupenda kuliko chakula kingine chochote. Baba alipewa sahani ya kwanza. Akala vijiko viwili, macho yakajaa maji, kisha akairudisha sahani mezani mbele yetu wote.

"Imekauka kidogo," akasema.

Ndolo alikuwa amerudisha sahani. Nilisimama, mimi ninayesoma, nikamwambia Kasiva mbele ya watu wote: "Kwani unampikia baba yetu mawe? Ndio maana amekonda hivi!" Yeye alijibu kwa sauti ya chini, "Dada, mimi naona ni koo. Nilikuambia." Nami nikamwambia asitafute kisingizio, kwamba kama kazi ya kumtunza mzee imemshinda aseme. Hakuna aliyemtetea. Muema aliangalia chini. Baba mwenyewe, ambaye ndiye aliyejua ukweli, alikaa kimya. Kasiva alichukua sahani ile akaenda kuosha sufuria.

Tarehe 2 Januari nilimchukua Baba nikampeleka kwangu Syokimau ili ale vizuri. Nilimpa supu, viazi vya kuponda, mtindi na uji, na vyote vilipita. Hata akanenepa kidogo usoni. Kila jioni nilipiga picha ya sahani tupu nikaituma kwenye grupu ya WhatsApp ya familia, na Kasiva yumo kwenye grupu hiyo. Nilidhani natuma ushahidi. Nilikuwa natuma picha za mtu anayeweza kumeza majimaji tu, na sikuziona, na hilo linaniuma hata sasa ninaposimama hapa. Alipolalamika kwamba kifua kinawaka nilimnunulia dawa ya asidi, chupa baada ya chupa, kwa miezi mitatu.

Mwishoni mwa Aprili hata supu ilianza kurudi. Jumanne tarehe 6 Mei 2025 alipimwa kwa kamera katika hospitali moja Nairobi, na tukaambiwa ni saratani ya umio, ile njia inayopitisha chakula kutoka kooni, hatua ya nne. Daktari aliuliza swali moja jepesi: ni lini mzee alianza kushushia chakula kwa maji? Sikujua. Nilitoka hadi kwenye korido nikampigia Kasiva, naye hakufikiri hata kidogo. "Agosti, wiki ile shule zilifungwa. Nilianza kumwekea jagi kubwa." Daktari aliandika: miezi tisa. Nilipomuuliza kama miezi hiyo ingebadilisha kitu, alivua miwani akasema hawezi kuniahidi, lakini pengine tungekuwa tunazungumza mambo mengine.

Baba aliwekewa mpira wa kufungua njia ya chakula, kisha akaomba arudishwe Tala. Kasiva alimpokea. Alipokosa nguvu ya kushika kijiko, Kasiva alimlisha uji kwa mkono wake, na siku za kwanza Baba alijifunika uso kwa taulo kwa aibu ya mkwe. Baadaye taulo iliwekwa kando na wakawa wanaongea hata habari za mbuzi.

Jumapili moja ya mwezi wa saba tulikuwa chumbani watatu. Baba alisema, "Kasiva, ile sahani ya Krismasi ilikuwa tamu. Ni mimi ilinishinda. Niliona aibu kusema, mtu wa kupika nimeshindwa kula. Nikaacha ubebe wewe."

Kasiva akasema, "Ilipita, Baba."

"Haikupita." Kisha akanigeukia. "Winfred, siku ya kunizika utasoma habari hiyo."

Nilimwambia, "Baba, hayo si ni ya nyumbani?"

"Uliyasema mbele ya watu. Yarudishe mbele ya watu."

Mzee Josphat Ndolo Kimeu aliaga dunia nyumbani kwake Ijumaa tarehe 19 Septemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Kasiva alikuwa amemlowesha midomo kwa pamba na alikuwa bado ameshika kikombe.

Ameacha watoto watatu, Winfred, Muema na Kyalo, mkaza mwana wake Kasiva, ambaye Baba alisema aandikwe pamoja na watoto wala si pamoja na wakwe, wajukuu saba, na wavulana aliowapikia kwa miaka thelathini na saba, ambao wengine siku hizi ni wazee wenye mvi na bado wanamwita Chef.

Kasiva alisoma karatasi hii Jumatano kabla haijapelekwa kuchapishwa. Aliniambia niondoe mahali nilipoandika kwamba alilia siku ile. "Sikulia. Nilikuwa naosha sufuria." Nimeondoa. Hajaniambia kama amenisamehe, na sijamuuliza.

Kasiva, ulikuwa unapika vizuri. Wewe ndiwe uliyeona, ukasema mara mbili, na mimi nilikunyamazisha. Nisamehe. Neno hili nimelichapisha kwenye programu ili aliyeondoka mapema Krismasi ile, au aliyechelewa leo, aende nalo nyumbani.

Baada ya kumlaza Baba kutakuwa na chakula. Asubuhi nilimkuta Kasiva amepika muthokoi, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Nimemwomba sahani ya kwanza. Nitaila hapa nikiwa nimesimama mbele yenu, kama Baba alivyofanya mbele ya shule, na nitaimaliza.

Pumzika sasa, Baba. Habari yako imesomwa.