Mtani Aliyepita Kaunta

Tarehe 30 Juni 1997, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bwana Hironimus Mbawala, msimamizi wa dawati la akaunti mpya katika tawi letu la Songea, anastaafu. Nimeombwa kuandika wasifu wake kwa jarida la wafanyakazi. Nimeandika kwa uangalifu, na lolote lisilompendeza mtu ni kosa la kalamu yangu, si la tawi.

Aliajiriwa mwaka 1966 akiwa tarishi, akapanda hadi kuwa karani wa kaunta, na tangu 1984 ndiye aliyeamua nani afunguliwe akaunti. Kazi hiyo aliifanya bila upendeleo. Padre wa Peramiho aliyewabatiza watoto wake wote aliombwa barua ya utambulisho kama mtu mwingine yeyote, na Padre akarudi Peramiho kuifuata. Jumapili iliyofuata, inasemekana, Bwana Mbawala alisali kwenye benchi la nyuma kabisa.

Yalipokuja mageuzi ya mabenki, mwanzoni mwa miaka ya tisini, tulitangaziwa kwamba benki sasa itamfuata mteja. Ili mteja asipotee akifuatwa, waraka mpya ulimtaka alete picha mbili, barua ya serikali ya kijiji, na mdhamini wa kijijini kwake mwenye akaunti kwetu. Mdhamini hakuhitajika kwa mtu "anayefahamika na benki". Kwa tafsiri ya Bwana Mbawala, anayefahamika ni yule mwenye akaunti. Na kwa kuwa mwenye akaunti hana haja ya kufungua akaunti, kifungu kile hakikuwahi kumnufaisha mtu.

Mwaka 1995 alifika Bi Asma, mjane na mkulima wa korosho kutoka Tunduru. Mnunuzi binafsi aliyeingia kijijini kwao alilipa kwa hundi tu, na asiye na akaunti hundi yake iliandikwa jina la ndugu aliye nayo. Kijiji kizima mwenye akaunti alikuwa mmoja: Abasi, shemeji yake. Abasi alikataa kumdhamini. Mikorosho ya marehemu, alisema, ni ya ukoo, na hundi ipitie kwake. Waraka, bila kukusudia, ulikubaliana naye.

Mara mbili Bwana Mbawala alimrudisha. Mara ya tatu Bi Asma alikumbuka kwamba yeye ni Myao na aliye mbele yake ni Mngoni, yaani watani. Mtani ana haki ya kunyang'anya, na aliyenyang'anywa haruhusiwi kukasirika. Akafungua kijilango cha kaunta, akaketi kwenye kiti cha Bwana Mbawala.

"Babu zenu waliteka ng'ombe za watu," alisema. "Mimi nimeteka kiti tu. Nipe akaunti, nikurudishie."

Bwana Mbawala alimweleza kwa adabu kwamba kiti ni cha benki, na benki haina watani. Wateja walicheka. Mimi, niliyekuwa bado mgeni kazini, sikucheka, maana mlangoni alikuwa amesimama mkaguzi kutoka makao makuu.

Kanuni ya usalama iko wazi: asiyefahamika na benki akikutwa nyuma ya kaunta, waitwe polisi. Mkaguzi aliuliza mama yule ni nani. Bwana Mbawala alitazama simu, kisha akamtazama Bi Asma.

"Anafahamika," alisema. "Ni mtani wangu."

Mkaguzi, mtu makini, akataka kujua kwa nini basi mtu anayefahamika hana akaunti. Jibu la swali hilo halikuwamo ndani ya waraka. Alasiri ile Bi Asma aliondoka na kitabu cha akaunti chenye jina lake mwenyewe.

Bwana Mbawala alipewa barua ya onyo. Nafasi ya meneja msaidizi aliyoitarajia ilikwenda kwa mwingine, ambaye ametusaidia mno katika maandalizi ya sherehe hii. Makao makuu nayo yaliongeza kifungu: utani hautahesabika kuwa ufahamiano.

Kifungu kilichelewa. Bi Asma alikwisha kuwa mdhamini halali, akamdhamini jirani yake, jirani akamdhamini wifi yake, na msimu ule hundi nyingi za kijiji kile hazikupitia kwa Abasi.

Mwaka huu waraka mwingine umetaka wateja waliofungua akaunti kabla ya mageuzi wadhaminiwe upya. Mwezi Machi Abasi alisimama dawatini. Wenye akaunti kijijini kwake, ukimwondoa yeye, wote ni wanawake, na mmoja tu ndiye aliyekubali kupanda lori pamoja naye hadi Songea. Bwana Mbawala alimuuliza, kama kanuni inavyotaka, ni nani anayemfahamu.

"Shemeji," Abasi alisema kwa sauti ndogo.

Bi Asma alimwomba arudie, kwani walio nyuma ya foleni hawajasikia. Akarudia. Ndipo Bi Asma alipotia saini.

Bwana Mbawala, tunakushukuru kwa kutufundisha kuusoma waraka hadi nukta ya mwisho, na kuinua macho baada ya hapo. Nenda salama nyumbani kwenu Namtumbo, wewe na Mama. Tunawatakia afya, mvua za wakati wake, na watani wasiowapa nafasi ya kupumzika.